Mstari mmoja juu ya silaha: kanuni za vyuo vyetu zinamfukuza nani?



Siku ya kwanza tulipoingia promosio ya kwanza ya agronomia, tulikuta karatasi mbili zimebandikwa kwenye valvu, moja pembeni ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa kanuni za ndani za chuo. Ndani yake kulikuwa na mstari mmoja ambao mpaka leo naujua kwa kichwa: ni katazo kabisa kwa mwanafunzi kuingia na silaha ya namna yoyote, atakayeonekana nayo atafukuzwa moja kwa moja. Karatasi ya pili ilikuwa ratiba ya kazi za shamba: kila mwanafunzi aje Ijumaa saa moja ya asubuhi na jembe moja na panga moja.

Tulicheka. Ijumaa tukafika getini na panga zetu, tukakuta sentineli naye amesoma karatasi ya kwanza. Akatuzuia. Asistanti akaja kubishana naye karibu nusu saa, jua likapanda, mwishowe panga zikapita zimefungwa pamoja kwa kamba kwenye kichwa cha mtu mmoja, kama kuni. Kuanzia pale kila Ijumaa ilikuwa mapatano. Sentineli akiwa na roho nzuri, panga inapita. Akiwa amekasirika, panga inabaki, na mwenye panga anabaki nayo.

Miaka ile niliona ni kichekesho tu. Leo sicheki tena, maana nimeona mstari uleule ukimfungia mlango mtu ambaye hakuwa na panga wala bunduki mkononi. Nitafika kwake. Lakini mbele ya kufika, naomba tuusome mstari huu sawasawa na vile walimu walivyotufundisha kusoma TFC ya mtu: unasema nini, unaacha nini, unafuatana na sheria zilizo juu yake ao hapana, na unamfanyia nini mtu wa kweli. Chuo chenyewe sitakitaja, na hakuna haja. Mstari wa namna hii nimeuona katika vyuo zaidi ya kimoja, karibu kwa maneno yaleyale. Inaonekana mmoja aliandika, wengine wakanakili.

Neno lenyewe: silaha ni nini?

Kosa la kwanza ni kwamba mstari hauelezi silaha ni nini. "Ya namna yoyote" inaonekana ni maneno makali, kumbe ni maneno mepesi. Mwandishi alikimbia kazi. Panga ni silaha? Kwa mkulima wa Kasongo panga ni mkono wake wa pili. Ndiyo inafyeka shamba la mpunga, inakata ngazi za mchikichi, inafungua njia. Panga hiyohiyo, tunajua wote, imeua watu katika inchi hii. Chombo hakibadiliki. Kinachobadilika ni mtu, saa na nia. Kanuni nzuri inatakiwa kutaja mambo hayo: nani, wapi, kwa kazi gani. Kanuni inayokataza yote inakuwa haikatazi kitu, kwa sababu hakuna anayeweza kuifuata, na mwenye kuamua anabaki mtu wa getini.

Sheria ya inchi, hata kama ni ya zamani, haikukimbia kazi hiyo. Sheria-amri nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 ndiyo inayopanga mambo ya silaha na risasi hapa kwetu. Iliandikwa wakati inchi inaitwa Zaire na chama ni kimoja tu, MPR. Ina makosa yake mengi. Lakini angalau inajua kwamba bunduki ya mwindaji si sawa na silaha ya vita, na kwamba mtu wa kawaida anaweza kushika silaha fulani akiwa na ruhusa ya serikali kwenye karatasi. Yaani inauliza: silaha gani, ya nani, kwa ruhusa ipi? Kanuni za chuo zilizokuja nyuma yake kwa miaka mingi hazikuuliza hata swali moja katika hayo matatu.

Na hili si jambo dogo kwa mtoto wa kijiji. Katika mashamba ya kwetu kuna bunduki za kienyeji za kuwinda, zinatengenezwa na wahunzi wetu kwa bomba la chuma na mti. Baba anafukuza nguruwe wa pori na nyani kwenye mihogo kwa bunduki hiyo. Mwanafunzi akitoka likizo, mkononi ana harufu ya baruti, kwenye begi kuna gololi mbili zilizosahauliwa. Huyo naye ni mwenye silaha? Kwa mstari ule, sentineli akitaka, ndiyo.

Sheria zilizo juu: vijana wanaambiwa maneno mawili

Sasa tupande juu. Mtu wa Kasongo hahitaji kufundishwa bunduki ni nini. Mji wetu ulikuwa na bunduki tangu wakati wa Tippu Tip, na ni kwa bunduki Dhanis aliuteka tarehe 22 Aprili 1893. Miaka mitatu mbele ya pale, tarehe 2 Julai 1890, wakubwa wa Ulaya walitia sahihi Mkataba wa Brussels. Tunaambiwa ulikuwa wa kumaliza biashara ya watumwa, na kweli hayo yamo. Lakini ndani yake kuna pia katazo la kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, na sisi tukiwa katikati. Bunduki za zamani za jiwe na baruti ya biashara hazikufungwa sana. Bunduki nzuri zilibaki kwa majeshi ya wakoloni. Tangu siku ile, sheria ya silaha katika inchi yetu haikuwa na swali "bunduki ni ngapi". Swali lilikuwa "nani anaruhusiwa". Na mwenye kuruhusiwa alikuwa mwenye nguvu.

Tuje kwa sheria za leo. Katiba ya 2006, kifungu cha 190, inasema wazi: hakuna mtu anayeruhusiwa kupanga vikundi vya kijeshi ao milisia ya binafsi, wala kulea vijana wenye silaha, na mwenye kufanya hivyo anahesabiwa mhaini mkubwa. Tusome vizuri. Katiba inataja vijana, na inawataja kama watu wanaolelewa katika silaha na mtu mwingine. Mhaini ni yule anayewalea. Na Kodi ya adhabu ya jeshi ya Novemba 2002 inamwadhibu mwenye kushika silaha ya vita bila haki, hata kama ni raia, na raia huyo anapelekwa mbele ya waamuzi wa jeshi. Wanasheria wetu wanabishana mpaka leo juu ya jambo hilo, kwa sababu kifungu cha 156 cha Katiba kinasema mahakama za jeshi ni za kuhukumu wanajeshi na polisi. Mwanafunzi wa droo akisoma hapa anaweza kutueleza zaidi. Mimi ni mtu wa udongo.

Juu ya hayo kuna Protokoli ya Nairobi ya Aprili 2004, ambayo Kongo ilitia sahihi pamoja na majirani. Inadai kwamba raia asishike kabisa bunduki za kujifyatulia, zile tunazoita kalashi. Mpaka hapo maneno ni mamoja: kijana, acha silaha.

Lakini kuna sauti ya pili. Tarehe 3 Novemba 2022, vita vya M23 vikiwa vimewaka tena, Rais alisema na taifa akawaita vijana waandikishwe jeshini, na wengine wajipange katika vikundi vya kulinda mitaa. Mwaka 2023 ikaja sheria ya Reserve ya Jeshi ya Ulinzi. Na neno "wazalendo", ambalo zamani lilikuwa la wimbo na la masomo ya uraia, likawa jina la kijana mwenye bunduki. Sisemi kwamba inchi isijilinde. Kifungu cha 63 cha Katiba kinasema kulinda inchi ni haki na ni wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Ninasema hivi: kijana wa miaka ishirini anasikia kifungu cha 190 kwa sikio moja na redio kwa sikio lingine. Kijijini anaambiwa shika. Chuoni anaambiwa ukishika umekwisha. Kati ya hayo mawili hakuna mtu anayekaa naye chini kumweleza njia.

Ndiyo kosa la pili la mstari ule. Uliandikwa kama vile chuo kiko kwenye kisiwa. Chuo cha kwetu hakiko kwenye kisiwa. Kinapokea watoto wa Kasongo mjini, wa Samba, wa Kabambare, wa Salamabila. Katika Kabambare Mai-Mai Malaika wamekuwa pale miaka mingi, kuzunguka dhahabu ya Namoya. Kampuni ya Banro yenyewe, pamoja na walinzi wake na askari wa serikali pembeni, mwaka 2019 ilisimamisha kazi. Kama kampuni kubwa ilishindwa kukaa pale, mnataka mtoto wa miaka kumi na tisa aliyeenda likizo kusaidia mama yake kuvuna karanga afanye nini?

Bunduki zilizoingia chuoni kweli zilikuwa za nani?

Kosa la tatu ni kubwa zaidi. Mstari unamzungumzia mwanafunzi peke yake. Tuangalie historia: katika vyuo vikuu vya Kongo, bunduki zimeingia mkononi mwa nani?

Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium walishuka mjini Kinshasa kudai haki zao, askari wakawafyatulia risasi. Wengi walikufa. Miaka miwili nyuma, Juni 1971, wanafunzi walipotaka kuwakumbuka wenzao, utawala wa Mobutu uliwaandikisha jeshini kwa nguvu, na mwaka uleule Lovanium ikachukuliwa na serikali ikaingizwa katika UNAZA. Fikirini kidogo: mara ile katika historia yetu wanafunzi kwa wingi walivalishwa mavazi ya askari, na aliyewavalisha ni serikali, tena kama adhabu.

Usiku wa tarehe 11 kuingia 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliingia katika kampisi ya Lubumbashi wakawashambulia wanafunzi ndani ya vyumba vyao. Hesabu ya wafu inabishaniwa mpaka leo. Ubelgiji ilikata ushirikiano wake na Zaire juu ya jambo hilo. Na karibu hapa, Julai 2021, Kinshasa, polisi alimpiga risasi mwanafunzi wa UNIKIN akafa, na ugomvi ulianza juu ya barakoa ya korona.

Kwa hiyo, ukitaka kuandika kanuni ya silaha kwa chuo cha Kongo, na uanze na mwanafunzi na umalize na mwanafunzi, umesoma historia ya inchi nyingine. Kanuni za vyuo hazisemi neno juu ya polisi anayeingia siku ya vurugu ya mineval. Aingie kwa barua ya nani? Rekta akiomba, ao hata bila kuombwa? Silaha yake ibaki getini? Na yule afisa anayesoma pamoja nasi masomo ya jioni na bastola kiunoni, yeye ni mwanafunzi ao ni nani? Nimekaa benchi moja na mtu wa namna hiyo. Sentineli aliyetuzuilia panga alimpigia saluti.

Wanaosema: basi nasi tupewe

Najua kuna wasomi kati yetu wanaosema tofauti. Nimewasikia kwenye mazungumzo yetu: kama serikali haiwezi kutulinda, wanafunzi wakubwa waruhusiwe kuwa na silaha, kama Marekani. Hoja hii tusiitukane, tuipime.

Ni kweli kwamba katika Texas sheria inayoruhusu mwenye leseni kubeba bastola iliyofichwa ndani ya chuo kikuu cha serikali ilianza kazi tarehe 1 Agosti 2016. Siku ileile ilikuwa miaka 50 kamili tangu mtu mmoja alipopanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin akapiga watu risasi kutoka juu. Utah walitangulia, na mahakama yao ya juu iliamua mwaka 2006 kwamba chuo hakiwezi kukataza kile sheria ya jimbo imeruhusu. Wenye kuunga mkono wanataja Virginia Tech, tarehe 16 Aprili 2007, ambapo watu 32 waliuawa: wanasema kama mmoja wao angekuwa na bastola, mambo yangekuwa mengine.

Lakini tuangalie sheria ya Texas ilisimama juu ya nini. Ilisimama juu ya leseni. Leseni ilitaka jina, umri wa miaka 21 kwa kawaida, mafunzo, na ofisi inayoweza kuchunguza kama mtu amewahi kuhukumiwa. Tena sheria iliviachia vyuo vya binafsi uhuru wa kukataa, na karibu vyote vikakataa. Hata kule penye ofisi na karatasi, wenye vyuo wenyewe walipoulizwa walisema hapana. Sisi tunataka kuchukua paa la nyumba ya mtu na kuliweka hapa ambapo hatujajenga ukuta. Hapa kijana wengi hawana hata karatasi ya kuzaliwa. Ni ofisi gani itajua bastola hii ni ya nani, na jana ilikuwa ya nani?

Wengine wanataja Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 washambuliaji wa Al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, wakaua watu 148, karibu wote wanafunzi. Maumivu yale ni ya kweli na hofu yake ni ya kweli. Na jirani zaidi, tarehe 16 Juni 2023, wauaji wa ADF waliwachoma na kuwakata wanafunzi wa sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe, Uganda, hatua chache kutoka mpaka wetu. Lakini mafundisho ya Garissa ni gani? Wakenya walilaumu zaidi kwamba onyo lilikuwapo na kikosi cha kuokoa kilichelewa masaa mengi. Lawama ilikuwa juu ya ulinzi wa serikali. Na kwetu kuna hesabu moja zaidi ambayo mtu wa Texas hana: bunduki moja ikijulikana iko katika chumba cha mwanafunzi, kikundi cha porini kitakuja kuitafuta. Kwa kijiji chetu silaha ni kama mbuzi mnono: inawaita wezi. Chuo chenye bunduki ishirini za wanafunzi kingekuwa depo.

Kwa hiyo mimi si mtu wa kusema silaha ziingie. Nakubali katazo. Ninachokataa ni kwamba katazo la mstari mmoja linatosha.

Jirani yangu wa benchi

Sasa nifike kwa mtu niliyesema.

Katika promosio yetu alikuwako kijana wa Kabambare. Sitataja jina wala kijiji. Alikuwa mtu wa hesabu. Mimi nilikuwa nanakili takwimu zake, yeye alikuwa ananakili botania yangu. Mwaka wa pili alienda likizo hakurudi. Tulisikia kwamba kikundi cha kwao kilidai kila nyumba itoe kijana mmoja, na katika nyumba yao aliyebaki mwenye nguvu ni yeye peke yake. Wengine walisema alienda kwa mapenzi yake. Mimi sijui. Na nafikiri katika hali ile, kati ya "mapenzi yake" na "kwa nguvu" kuna ukuta mwembamba sana.

Alirudi nyuma ya miaka miwili. Alikuwa amekonda, mwenye kusema kidogo. Aliniambia silaha aliiacha, na sikumwuliza aliiacha wapi. Alikuwa na kitu kimoja tu alichotaka: kurudi promosio ya pili. Mineval ya mwanzo mama yake alikuwa ameiweka, aliuza mafuta ya mawese na mbuzi wawili. Tulienda pamoja kwenye ofisi. Aliyetupokea alikuwa na heshima, hakutufokea. Alifungua kanuni, akaweka kidole kwenye mstari wetu, akasoma. Nikasema: "Mzee, mstari unasema kuingia na silaha. Huyu hajaingia na silaha. Ameingia bila silaha." Akanijibu: "Mwanangu, watu wote wanajua alikuwa nayo. Wenzake wataogopa."

Jibu lile nimelibeba mpaka leo, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Wenzake wangeogopa. Kulikuwa na binti katika promosio ambaye kaka yake aliuawa kwenye njia ya Salamabila. Hakujua nani aliua, na hakutaka kujua akiwa amekaa oditwari moja na mtu aliyetoka upande ule. Huyo binti naye ana haki yake. Kifungu cha 52 cha Katiba, amani na usalama ni vya watu wote. Kanuni nzuri ingewaona wote wawili. Mstari wetu haukumwona hata mmoja: kijana ulimfukuza, na binti haukumpa kitu isipokuwa kimya.

Na tazameni sheria za inchi zinavyosema. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kuandika watoto katika vikundi vya silaha, na inaidai serikali imtoe mtoto aliyeandikwa na kumrudisha katika maisha ya jamii. Kwa hiyo mwenye miaka 17 mlango upo, angalau kwenye karatasi. Kwa wakubwa, mwaka 2021 serikali iliunda P-DDRCS, mradi wa kupokonya silaha, kuvunja vikundi, kuinua jamii na kuleta utulivu. Mradi huo unasema mtu arudi katika jamii yake. Jamii ya mwanafunzi ni wapi kama si chuo? Unaweza kumpa cherehani, unaweza kumpa pikipiki, na vitu hivyo si vibaya. Lakini mtu aliyekuwa anajua takwimu kuliko sisi wote, ukimwambia rudi kila mahali isipokuwa pale ulipokuwa na maana, umemwonyesha njia moja tu iliyobaki wazi. Kikundi hakiombi karatasi ya zamani wala mineval. Kinapokea kila siku.

Alikaa mjini miezi mitatu. Alibeba matofali. Kisha akaondoka. Mama yake alirudishiwa nusu ya pesa.

Basi tuandike nini?

Mkosoaji asiyependekeza ni kama mtu anayeonyesha magugu na kuweka mikono nyuma. Napendekeza hivi, na mnikosoe.

Kwanza, kanuni itenganishe. Silaha ya moto na mabomu: katazo kabisa, bila kujali cheo, na afisa anayesoma aache bastola yake kituo cha polisi mbele ya kuja masomo. Vyombo vya kazi: viruhusiwe kwa siku na saa za kazi ya shamba, viandikwe kwenye daftari, vitunzwe depo ya fakultati. Hilo peke yake lingemaliza mapatano ya getini.

Pili, kanuni imfunge pia mwenye nguvu. Iandikwe nani anaweza kuita polisi ndani ya chuo, kwa barua gani, na nani wa komite ya wanafunzi awepo kuona.

Tatu, adhabu iwe na ngazi, na mtu asikilizwe mbele ya kuhukumiwa. Mwenye gololi mbili kwenye begi na mwenye kalashi chini ya kitanda si kosa moja.

Nne, na kwangu hili ndilo la kwanza: kanuni iwe na mlango wa kurudi. Mtu aliyeacha silaha mbele ya serikali ao mbele ya P-DDRCS, akapata karatasi yake, na ambaye hakuna mashtaka ya damu juu yake, aruhusiwe kuandikishwa tena, kwa mwaka mmoja wa kuangaliwa. Na wenzake wenye uchungu wasikilizwe, oditwari ibadilishwe kama inahitajika, wazee wa dini na walimu wakae katikati. Mwenye damu, huyo aende kwa waamuzi. Sisemi tufute makosa. Nasema kosa la mtu lipimwe na mtu aliyekaa chini kulipima.

Mtaniambia: hii ni kazi nyingi kwa chuo ambacho hakina hata chaki. Kweli. Lakini katika mapendekezo haya manne, ni nini kinachouza pesa nyingi? Daftari moja, barua moja, meza moja na viti vitano. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na kuandika mistari kumi badala ya mmoja. Sisi tulio na lisansi mkononi na tunalia hakuna kazi, kazi ni ile pale. Chama chetu kina wanasheria, wana-agronomia, walimu. Tunaweza kuandika pendekezo, tukalipeleka kwa rekta wa kila chuo cha Maniema ya kusini mbele ya mwaka mpya wa masomo kufunguliwa, wakalikataa ao wakalikubali wakiwa wamelisoma.

Jirani yangu wa benchi sijui yuko wapi. Mara ya mwisho nilipata habari zake, mtu alisema amemwona kwenye barieri moja upande wa Kabambare, alikuwa anaandika majina ya wapita njia kwenye daftari. Alisema mwandiko wake ulikuwa mzuri sana.